Nilimpambia mama zabibu za Krismasi kwa sukari, mpaka sasa sijui nilikosea wapi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hiki ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Krismasi hii iliyopita, sijatia chumvi. Nimekaa nacho wiki nzima kichwa hakielewi, nikaona nikilete kwenu.

Mimi ni fundi seremala hapa Kabasa, Bunda. Mama yuko kijijini Butiama, na kila Krismasi tunakutana kwake. Dada yangu mkubwa ndiye huja na keki.

Sasa mama hali yai. Zamani kwao wasichana walikatazwa. Wenzake wa rika lake wengi walishaachana na huo mwiko, ila yeye alimwahidi bibi kwamba hataonja mpaka kaburini, na hajawahi kuonja. Keki ikikatwa sisi tunakula, yeye anamenyewa chungwa. Miaka yote inaniuma.

Mwaka huu nikasema hapana, na mama apate kitu cha sikukuu.

Nikaona video ya kupamba matunda kwa sukari, zabibu zinang'aa kama zimetoka kwenye friza. Nikafunga safari mwenyewe hadi Musoma kununua zabibu.

Jaribio la kwanza nilizilowesha maji tu, nikazigaragaza kwenye sukari. Haikuchukua muda, sukari yote ikawa maji, sinia linanata, nzi wakafanya harusi.

Nikarudi kwenye video. Kumbe unapaka ute wa yai kidogo, ndipo unanyunyizia sukari iliyosagwa laini, halafu unaziacha zikauke kwa feni. Nikanunua brashi ya vanishi (msicheke, ilikuwa mpya kabisa), nikapaka moja moja. Zikashika fresh. Nilijiona fundi kweli kweli.

Mmeona nilipopotea?

Namtengenezea kitu mama asiyekula yai, yai nimelishika mkononi, na halikunijia akilini hata mara moja! Kazini kwangu kitu kinachoshikiza kitu ni gundi. Nilikuwa nawaza gundi.

Siku ya sikukuu nikamkabidhi sahani yake peke yake. Mama alifurahi jamani. Akaita jirani aje aone. Akala moja, mbili, huku anafumba macho.

Alipofika ya sita au ya saba dada akaniuliza, "Hii sukari umeigandishaje?"

Nikataka kumjibu kwamba ni ute wa yai. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikadanganya kwamba ni sukari ya kusaga tu. Mama akamaliza sahani, mimi pilau langu nikalisukuma pembeni.

Asubuhi yake nikamfuata nyuma ya jiko, anachambua mchicha. Nikapiga magoti nikamweleza yote, ute, brashi, kila kitu.

Akaacha mchicha. Akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Unajua mimi silagi yai. Jana nilikula matunda. Leo ndio umenilisha yai."

Akaendelea na mchicha wake. Hakunifukuza wala hakulia. Ila nilipoaga, hakuniombea safari kama kawaida yake, na hilo limeniumiza kuliko maneno.

Hapa ndipo nilipovurugwa. Ningenyamaza, ahadi yake kwa bibi ingekuwa bado nzima? Au ilishavunjika kwenye sahani, mimi nimempokonya amani tu? Dada anasema nilitua mzigo wangu nikambebesha mama. Mke wangu anasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Nikimsikiliza huyu naona yuko sahihi, nikimgeukia yule naye yuko sahihi.

Nilichojifunza: ukimwandalia chakula mtu mwenye mwiko, anza na mwiko wake, urembo baadaye. Hilo halina ubishi. La kusema au kunyamaza ndilo limenishinda.

Na leo mama kapiga simu, mara ya kwanza tangu siku ile. Kauliza kama Musoma zabibu bado zipo, nimpelekee.

Nikamuuliza, "Zenye sukari au tupu, mama?"

"Zenye sukari. Halafu usiniambiage kitu."

Akakata.

Wakuu, nawasoma. Mngekuwa mimi, mngezipaka nini?