Soseji Alizopika Mwanangu

Amerika mimi niliianza Buffalo, upande wa mashariki, theluji mpaka dirishani, na viatu vya kupewa vyote vya mguu wa kushoto. Lakini hiyo niiache. Bon, nilitaka kusema habari ya soseji.

Mwanangu wa kwanza, watu wa wakimbizi walimpeleka Louisville, akapata kazi ya kupakia mizigo. Siku moja nilimtembelea. Akapika mwenyewe: soseji, vitunguu na viazi, ndani ya maji ya tofaa kutoka dumu la rangi ya kahawia. Sufuria ilipofunuliwa ikanipiga harufu kama ya kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu. Mimi ni shemasi, pombe siigusi. Maandishi ya dumu siwezi kuyasoma, shule niliishia darasa la pili. Nikaweka kijiko chini, nikaomba mkate na chai.

Kwetu milimani ukikataa chakula cha nyumba umemkataa mwenye nyumba. Nilijua hivyo, na nilikataa. Hakubisha. Alikohoa kidogo tu, kisha akanifungia chakula kile kwenye kopo la plastiki. "Utakula njiani, Baba." Kituoni, kabla ya kupanda basi, nikakitupa kwenye pipa.

Miezi minne baadaye moyo wake ulisimama akiwa kazini.

Sasa ninakaa Hilliard, hapa Columbus. Jumapili ya juzi, baada ya ibada, mkwe wangu, mjane wake, alikuja na binti yao wa miaka tisa. Mara ya kwanza tangu tumzike. Mtoto akasema anataka soseji za papa, yaani baba yake. Tukaenda naye dukani, akabeba dumu lile lile.

"Rudisha, mama. Hiyo ni pombe," nikamwambia mtoto.

Akacheka. "Babu! Hii ni juisi. Hata shuleni tunapewa."

Nikamuuliza muuzaji. Akasema ndiyo, juisi ya watoto. Nikashika kigari kwa mikono miwili.

Donc, nilipika mimi, mzee wa milimani, na aproni ya marehemu mke wangu. Mtoto ndiye aliyeniongoza: kaanga soseji mpaka zigeuke rangi, zitoe, tia vitunguu, tia viazi, rudisha soseji, mimina juisi, funika. Ilipochemka harufu ile ikatoka, na nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha mtu anayetaka kusema kisha anaacha. Nikageuka. Koti la mkwe tu, juu ya kiti. Nikakoroga. Akakohoa tena. Safari hii sikugeuka.

Kwetu mkwe hali mbele ya baba mkwe; anakulia jikoni, ndiyo heshima. Nilipopakua, alichukua sahani yake akasimama. Hofu ikanishika. Akienda nayo, nitajuaje kama ameila au ameitupa, kama mimi?

"Kaa. Kula hapa nikuone."

"Baba, heshima."

"Heshima iache leo."

Akakaa, lakini kijiko hakukigusa. Akaniuliza, macho kwenye meza: "Kile chakula cha njiani, Baba, ulikula?"

Mtoto akaacha kutafuna. Ningeweza kudanganya, mashemasi nao wanadanganya.

"Nilikitupa kituoni. Kilikuwa bado cha moto."

"Tulijua," akasema. "Wiki nzima alingoja upige simu useme kilikuwa kitamu. Halafu akaacha kungoja."

Kisha akachota, akaonja mbele yangu, akameza.

"Baba, chumvi hukutia kabisa."

Akachota tena.

Nikajaza kijiko changu. Kule kwenye koti kikohozi kile tena. Nikala. Soseji, juisi, vyote. Kisha nikageukia kiti kile, nikasema kwa sauti: "Ni kitamu, mwanangu."

Mtoto akauliza kwa Kiingereza ninasema na nani. Mama yake akamwambia ale, kitapoa.