Sinia Moja, Nyumba Tatu

Mama Basari hatunaye tena. Amefariki kwao bara alikokwenda kutibiwa, na habari ilipofika kwetu Lamu, au Amu kama tunavyoita wenyewe, nilishangaa kuona ilivyowagusa hata wale aliowahi kuwanyima. Kazi yake, kwa wasiomjua, ilikuwa kusimamia fedha za basari, yaani msaada wa karo, za wanafunzi wa vyuo, na kupambanua ni mzazi gani hajiwezi kweli na nani anajitia hajiwezi. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu marafiki. Nilikaa naye kwenye kamati ya basari miaka kadhaa, tukagombana na kupatana, na nasema bila kusita kwamba mji huu haujapata mtumishi aliyetufahamu kama yeye, japo alipokuja hakuweza hata kuvuka mtaa wetu wa Mkomani bila kupotea.

Alikuja na mizani ya huko alikotoka: nyumba ya udongo, maskini; nyumba ya mawe, anajiweza. Sasa Mkomani utampata nani asiyekaa nyumba ya mawe? Nyumba ni ya babu wa babu, dari linavuja, na aliyemo ndani anaishi kwa kushona kofia. Mwaka wake wa kwanza, msichana mmoja yatima aliyelelewa na bibi yake alipata nafasi ya kusomea uuguzi, na karo isipolipwa kabla ya muhula kuanza nafasi ingepewa mwengine. Tukaenda kwao kukagua. Kwa kuwa sote ni wanawake, tulipandishwa mpaka juu, tukaandaliwa pilau ya mbuzi kwenye sinia kubwa la shaba, na kahawa kwenye vikombe vya maua ya buluu, kimoja kimevunjika mkono. Tulipotoka, Mama Basari alikuwa amekasirika. "Huyu anatulisha mbuzi, halafu ndiye tumlipie karo?" Nilimwambia asiandike kitu kwanza, twende nyumba ya mwombaji wa pili.

Nyumba ya pili tukaletewa sinia lile lile. Ya tatu pia, na kile kikombe kisicho na mkono kikawekwa mbele yake. Wanawake walikuwa wakivipitisha vyombo, na pilau waliyoichangia, kwenye wikio, kile kidaraja kinachounganisha ghorofa za nyumba mbili juu ya kichochoro, navyo vikifika kabla yetu sisi tuliopita chini. Mama Basari alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akajiuma mdomo. Alikula nyumba zote tatu, masikini ya Mungu. Nje ndipo aliposhika ukuta akacheka mpaka akachoka. "Kumbe hawana kitu kabisa," alisema. "Na mimi nilikuwa niandike wanakula nyama."

Akarudi peke yake kwa bibi? La, alinivuta mkono twende wote. Shida iliyobaki ilikuwa kubwa zaidi: bibi alitakiwa atie sahihi kwamba yeye ni maskini, na jina la mjukuu libandikwe ubaoni kwenye ofisi. Bibi akakataa katakata.

"Mwanangu, sisi hatuyalala na ndaa tukamwambia mtu," alisema, yaani njaa yao haijapata kutolewa nje. "Neno hilo sitii sahihi. Mtoto na akae nyumbani."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Mama Basari akavuta kigoda, akaketi karibu na bibi.

"Bibi, sukari unanunua?"

"Hununua."

"Basi kila ukinunua, serikali inachukua kodi yake hapo. Mimi sikuletei sadaka. Nimekuletea chako."

Bibi alifikiri kidogo. "Kama ni haki ya mtu wa nti hini, andika hivyo, nitatia sahihi."

Akaandika hivyo: haki ya mwananchi. Kwenye kamati tulimtolea macho, naye akasimama akatetea mpaka neno maskini likaondolewa kwenye fomu zote, na majina yakaacha kubandikwa. Msichana akaenda chuoni. Wala msidhani Mama Basari alikuwa laini: mfanyabiashara aliyehamishia friji na televisheni kwa shemejiye ili aonekane fukara alinyimwa papo hapo, tena akaulizwa friji inaendeleaje huko ilikokwenda kutembea.

Tumezoea kudhani anayehitaji ndiye anayelia. Kwetu, anayehitaji mara nyingi ndiye anayekukirimu kwa vyombo vya jirani, kwa sababu sitara ya nyumba yake ni jambo la mwisho alilobaki nalo. Mwanafunzi anadaiwa ushahidi, hadaiwi aibu. Nayaandika haya kwa sababu, kabla hata matanga hayajaisha, limeshaletwa pendekezo kwamba majina yarudi ubaoni, safari hii pamoja na picha ya nyumba ya kila mwombaji, eti kwa ajili ya uwazi. Kamati inakutana Jumatatu. Aliyekuwa akitusemea hayupo, basi nitasema mimi, na jibu langu ni hapana.