Mchora mabango anayefunga kufuli kwenye tovuti

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kiti cha Mama Chaki kiko kitupu. Mwenyewe anazunguka meza, macho kwenye kompyuta, kama mtu aliyeweka maziwa jikoni na anaogopa yatamwagika.

Kwenye skrini maneno ni yaleyale tangu asubuhi: muunganisho si salama.

"Kaa basi, mwanangu, unanitia kizunguzungu," anasema mama mkwe wake, anayefuma sweta kwenye kona ya duka.

"Nikikaa nitabonyeza, mama."

"Umeshabonyeza mara nne. Mimi huku nahesabu na mishono yangu."

Mlangoni amesimama mteja, fundi wa viatu wa makamo. Kiatu chake cha kushoto kina soli nene kama tofali, maana mguu huo ni mfupi kuliko mwenzake. Naye pia hajakaa. Kila akihama mguu, soli inagonga sakafu: ko, ko, ko.

"Dada, saa tano haiko mbali."

"Najua, fundi. Usinihesabie."

Saa tano kamili, kamati ya hospitali tatu itafungua kurasa za mafundi wanaoshona viatu vya watu wenye miguu isiyolingana. Itachagua karakana moja ya kupelekewa wagonjwa mwaka mzima. Fundi huyu aliomba mwaka jana pia. Kamati ilipofungua tovuti yake, likatokea onyo jekundu, wakaifunga. Viatu hawakuviona kabisa.

"Waliniandikia sentensi moja tu, kwamba tovuti yangu si salama," anasema. "Mimi ambaye viatu vyangu havijamwangusha mtu! Nikikosa na leo, karakana naifunga. Nitarudi kubandika soli za raba kwa watu."

Mama Chaki hakuzaliwa na kompyuta mkononi. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akachora mabango kwa miaka kumi na tisa: vinyozi, maduka ya dawa, gereji. Ukuta mzima wa duka lake bado umejaa mbao za zamani. Yalipokuja mabango ya kuchapwa kwa mashine, wateja wakaisha. Mwezi mmoja alichora bango moja tu, na hilo lilikuwa la kuuza ngazi yake mwenyewe.

Akajiunga na darasa la bure la kompyuta kwenye maktaba. Wenzake walikuwa na umri wa wanawe.

"Mwalimu aliposema tovuti nyepesi ni kurasa zilizotulia tu, hazina hesabu wala akaunti za watu, nikasema, mbona hilo ni bango?" anakumbuka huku akicheka. "Tofauti ni kwamba hili halihitaji ngazi."

Leo anatunza tovuti arobaini na moja za mafundi na wauzaji wadogo. Kila moja ina jina lake yenyewe, na kila moja ina ile alama ya kufuli inayoonyesha kwamba mlango umefungwa vizuri. Cheti kinacholeta kufuli hilo hakilipiwi. Kinatolewa bure, kinadumu siku tisini, na mtambo unaobeba tovuti ukipangwa sawasawa hukihuisha wenyewe. Aliyemtengenezea fundi tovuti ya kwanza alimuuzia cheti kwa bei ya kodi ya chumba ya miezi miwili. Kilipoisha, hakuna aliyekumbuka.

"Lakini niulize," fundi anaingilia. "Kwangu kuna nini cha kuibiwa? Picha za viatu?"

"Namba yako ya simu ipo pale?"

"Ipo."

"Basi bila kufuli, mtu anaweza kukaa njiani kati yako na mteja, akaibadilisha. Mgonjwa anapiga akidhani ni wewe, kumbe anaongea na tapeli. Anatoa vipimo vyake na pesa, na jina linalochafuka ni la nani?"

Fundi anatoa simu, anaitazama namba yake.

Kupata cheti, kwa maelezo ya Mama Chaki, si jambo gumu. Jina la tovuti lina orodha yake ya anwani, inayosema ukurasa unakaa kwenye mtambo upi. Mtoaji wa cheti hufuata anwani hiyo, akabisha hodi na kusikiliza nani anaitikia. Akiitikiwa na mwenye nyumba halali, anatoa cheti. Akikosa jibu sahihi, anaondoka. Na ukimsumbua mara tano ndani ya muda mfupi, anakufungia nje kwa saa nzima.

Mama Chaki ameshamsumbua mara nne. Kila mara alilifuta jina la fundi kwenye mtambo, akaliingiza upya, akabonyeza. Akifungiwa sasa, atapoteza saa nzima katika muda mfupi uliobaki.

Mama mkwe anashusha sindano zake. "Mwanangu, ubao wako uko wapi leo?"

Swali hilo linamsimamisha Mama Chaki katikati ya chumba.

Enzi za mabango, hakugusa rangi kabla ya kuchora kila herufi kwa chaki. Chaki inafutika, rangi haifutiki. Hata kwenye kompyuta hajaiacha tabia hiyo. Kila orodha ya anwani huinakili kwanza kwenye ubao mweusi, namba kwa namba, ndipo aguse kitufe. Jina lake la utani limetoka huko, na vijana wa maduka ya jirani humcheka kwa hilo. Ila jana fundi alikuja na haraka zake, akamwambia, "Andika tu, dada, chaki ya nini?" Naye akaandika tu.

Anauvuta ubao kutoka nyuma ya mlango, anapiga magoti, anaanza. Mstari wa kwanza, jina la fundi na anwani mpya. Mstari wa pili, jina lilelile tena. Chaki inasimama.

"Ee! Hii namba si yetu."

Ni anwani ya yule mtengenezaji wa mwaka jana. Jana Mama Chaki aliongeza ya kwake, ya zamani hakuiondoa.

"Kitendawili," anasema mama mkwe.

"Mama, si sasa!"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Mgeni wangu kapewa nyumba mbili, kabisha, kaitikiwa na mgonjwa."

Mama Chaki anaangalia ubao, anaanza kucheka akiwa bado amepiga magoti. "Ni mtoaji wa cheti, mama. Amebisha kwenye ule mtambo wa zamani wenye cheti kilichokwisha."

Saa nne kasoro robo anaufuta mstari wa pili, kwanza kwenye ubao, kisha kwenye kompyuta. Ila anwani ya zamani iliwekewa muda wa saa moja wa kukumbukwa na mitambo ya mtandao hata baada ya kufutwa. Lazima asubiri isahaulike kwanza.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Mama Chaki anapanga brashi. Anazipangua. Anafagia mahali palipofagiliwa. Mkono wake unaelekea kwenye kipanya cha kompyuta, anauvuta. Unaelekea tena. Mama mkwe anainuka bila neno, anakichomoa kipanya na kukizika ndani ya kikapu cha nyuzi.

"Mama!"

"Saa tano kasoro robo utakipata."

Wanasubiri watatu. Ko, ko, ko.

Saa tano kasoro robo, kipanya kinarudi kikiwa na uzi wa kijani mkiani. Mama Chaki anabonyeza mara moja, anaikunja mikono kwapani. Dakika moja. Nne. Katika dakika ya saba, fundi, aliyekuwa akifungua na kufunga ukurasa kwenye simu yake, anaacha kuhamahama.

"Dada. Limekuja."

Kufuli lipo juu ya skrini, na chini yake viatu vyote kumi na vinne vimejipanga.

Saa tano na dakika ishirini simu ya fundi inalia. Ni sauti ya mwanamke, ya mtu mwenye kazi nyingi. "Wewe ndiye fundi? Kile kiatu cha tatu, soli yake ina uzito gani? Tunaye mtoto wa miaka sita hapa."

Fundi anavua kiatu chake mwenyewe, anakipima kwa kiganja, anaanza kueleza. Kamati itajibu baada ya wiki. Safari hii, angalau, wameviona.

Mama Chaki, hatimaye, anakaa. Kwa sekunde kama kumi.

"Sasa na mimi," anasema, akiinuka. Kati ya tovuti zote anazozifungia wengine, yake mwenyewe haina jina wala kufuli, inakaa kwenye jina la kuazima. Anataka kusajili jina lake leo hii, kisha afungue darasa la wachora mabango wenzake waliokaa bila kazi. Ananyoosha mkono kwenye meza, anapapasa. Kipanya hakipo.

"Mama, nirudishie."

Mama mkwe haachi kufuma. Anauelekezea ubao kidole cha mguu. "Chaki hiyo hapo."