Saa za Daftari la Lori la Maji

Miaka ya tisini nilikuwa mkaguzi mdogo wa serikali, na pale ofisini Ibra, Omani, Kiswahili sikukisema hata neno. Wenzangu walijua kwetu tumerudi kutoka Unguja. Sikuona haja ya kuwakumbusha. Kiswahili nilikiacha nyumbani, jikoni kwa mama.

Tukapewa kazi ya kukagua idara moja iliyopeleka maji vijiji vya milimani, huko Dima wa Tayyin. Mkuu wangu, mtu makini asiyependa mzaha, alifungua daftari la safari za lori akakunja uso. Karibu kila siku dereva kaandika: kutoka 2, kurudi 8. Kwa saa za ofisi, huo ni usiku wa manane mpaka asubuhi. Mkuu akaamua papo hapo kwamba lori la serikali linauza maji kwenye mashamba ya watu.

Dereva akaitwa, mzee aliyebakisha mwaka mmoja astaafu. Hilo likithibiti, angefukuzwa na pensheni aikose. Aliulizwa kwa Kiarabu anatoka saa ngapi, akajibu kama alivyoandika, kwa lafudhi ya Unguja, tena bila wasiwasi. Kila akijibu ndivyo anavyozidi kujichimbia kaburi. Nikashindwa kuvumilia, nikamgeukia kwa Kiswahili mbele ya mkuu.

"Shikamoo, ami. Hiyo saa mbili ni ya lini?"

"Marahaba, mwanangu. Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda. Kwani lori hutoka lini?"

Nilimweleza mkuu kwamba sisi saa za mchana twaanza kuzihesabu jua likichomoza. Akaniambia namtetea mtu wa kwetu. Liliniuma, kwa sababu mkaguzi hana tusi kubwa kuliko hilo. Nikaomba siku moja, nikapanda mlimani hadi shule iliyokuwa ikipelekewa maji. Mwalimu mkuu, Mmisri, alikuwa na daftari lake, na kila lori likifika aliandika saa kwa kutazama saa yake ya mkononi. Mzee kaandika amefika 4, mwalimu kaandika 10. Tofauti ya saa sita kamili, ukurasa baada ya ukurasa. Mzee wa watu hakukosea hata siku moja.

Mkuu alisoma madaftari yote mawili, akaniomba radhi. Nikawa nataka kufunga ripoti, mzee akaweka kidole kwenye mstari mmoja ambao sote tuliupita: Al Qabil, nyumbani, arusi.

"Hii usiipite, mwanangu. Nilipeleka maji kwenye arusi ya binti yangu, na lori si langu. Wallahi niliandika ili mje muone."

Nikaandika. Barua ya onyo alipewa, akaikunja vizuri akaitia mfukoni, na mwaka wake akaumaliza na pensheni yake akaipata.

Nilijivunia mzee yule kama ni baba yangu. Siku ile ile ya kufunga ripoti nilichukua simu ya ofisi, wenzangu wote wamekaa, nikampigia mama, kwa Kiswahili na kwa sauti yangu yote: aniwekee wali, nafika saa nane.