Mteremko wa Mlango Wetu

Héritière, binti yangu wa pili, ana miaka kumi na tisa. Tangu pikipiki ilipomgonga kule mtaa wa Birere miaka miwili iliyopita, hatembei. Kiti cha magurudumu tulikipata, lakini nyumba yetu ya mbao imekaa juu ya mwamba wa volkano, na kizingiti kiko sentimita themanini juu ya uwanja. Akitaka kutoka, nilikuwa namubeba mgongoni. Halafu mgongo wangu ukakataa, naye akawa anashinda ndani.

Alitaka kitu kimoja tu: kutoka mwenyewe, kwa mikono yake.

Mwezi wa tatu nilimwita Havugimana, fundi wa mtaa, atujengee mteremko wa mawe na saruji kutoka mlangoni mpaka langoni. Héritière alimwambia kipimo ambacho kiti kinaweza: kila sentimita moja ya kushuka, kumi na mbili za kwenda mbele. Siku ya pili akamaliza. Akapima pale juu, karibu na mlango, akatabasamu.

"Mama Héritière, angalia. Sentimita kumi kushuka, metre moja na ishirini kwenda mbele. Moja kwa kumi na mbili, vile mutoto alisema."

Nilimshukuru, lakini macho yangu yalikuwa chini, ambako saruji ilishuka kama paa la kanisa.

"Papa Havugimana, pima na huko chini," Héritière alisema.

"Ya nini? Nimeisha pima."

"Umepima juu tu. Mustari ukinyooka, chukua pointi mbili popote, gawanya kushuka kwa kwenda mbele, jibu ni lile lile. Likibadilika, mustari umepinda."

"Wee! Miaka makumi mbili niko najenga, leo utanifundisha kazi?"

"Leo. Mama, shika utepe wa kupimia. Utepe ulale sawa, usifuate saruji."

Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini kushika utepe naweza. Chini: kushuka thelathini, kwenda mbele tisini.

"Moja kwa tatu," alisema. "Hapo naanguka na uso."

Havugimana alikuna kichwa. Tukavuta kamba iliyonyooka kutoka kizingitini mpaka langoni. Kushuka themanini, mbele metre nne. Moja kwa tano. Kupata moja kwa kumi na mbili, Héritière alisema, inatakiwa karibu metre kumi. Nilipima tena, na tena, kana kwamba ardhi ingerefuka. Nyuma yetu ukuta wa jirani, upande wa kushoto ukuta mwingine.

"Tutakuwa tunamusukuma tu," Havugimana alisema.

"Sitaki kusukumwa!"

Ukabaki upande wa kulia, kando ya nyumba: mteremko uende mpaka kwenye kona, ugeuke, urudi. Kwenye kona hiyo kulikuwa na kibanda changu cha jiko, cha mabati. Nikaenda kutoa masufuria mwenyewe. Sasa napikia chini ya paa la mlangoni, na mvua ikinyesha moshi wote unaingia ndani.

Havugimana akavunja kibanda na saruji ile, akajenga upya, na Jumamosi moja Héritière alishuka. Nilimfuata nyuma, mikono wazi.

"Mama, toa mikono."

Akageuka kwenye kona, akafika chini, akafungua lango. Nje barabara yetu ni mawe matupu ya volkano mpaka kwenye lami, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Gurudumu la mbele liligonga jiwe la kwanza, likakwama. Nikainama kumubeba. Akakataa, akarudisha kiti nyuma, akajaribu tena, likakwama.

Kila asubuhi anashuka, anafungua lango, anakaa pale. Kuvuka yale mawe, bado.