Fundi wa Radio na Ndege ya Maji

Fundi wa radio wa Kirotshe, mji wa kando ya ziwa, hakuweza kupita karibu na kitu bila kukigonga kwa ukucha na kusikiliza: sufuria, mlango, hata kibuyu cha maziwa cha jirani yake, Mama Vénantie. Mwaka ule wa 1966 alijenga ndege ndogo iliyosimama juu ya vijitumbwi viwili vya parasolie, mti mwepesi wa msituni. Aliiongoza kutoka ufukweni kwa sanduku la radio lenye kifungo kimoja. Injini alikuwa nayo moja tu. Ikizama, basi, kazi yote imekwisha.

Jumapili ya kuijaribu watu walifurahi kuona ziwa limetulia. Lakini ndege ilikimbia juu ya maji, ikageuka, ikakimbia tena, haikuinuka.

"Fundi, iyo njo mutumbwi, haiko ndege!" akacheka Damien, aliyekuwa karibu na mtumbwi wake mwenyewe.

Mama Vénantie akaona ukucha wa fundi ukigonga sanduku, kisha ukaacha.

"Kaka Damien," fundi akasema polepole, "maji imelala sana, inaishika. Pita na kasia, uiamushe."

Damien akapita na mtumbwi wake mbele ya ndege, akiacha mawimbi madogo nyuma. Ndege ikaruka wimbi moja, la pili, ikang'oka.

"Inapanda! Yezu wangu, inapanda!" Mama Vénantie alipiga kelele mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Fundi alikuwa akiinong'oneza ndege tu: "Panda, mama, panda."

Mafuta yalipoisha ikateremka, ikatua salama. Damien akaruka majini na suruali yake ya misa.

"Muntu asiiguse! Miye njo nitaileta!"