Ng'ombe Niliyemgawa kwa Kompyuta

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa najua kila kitu. Ukiniuliza habari za watazamaji, nakujibu kwa nadharia tatu kabla hujamaliza swali. Kulikuwa na ile ya sindano, inayosema televisheni na redio humdunga mtu ujumbe, naye huupokea kama mgonjwa anavyopokea dawa. Kulikuwa na ya upokezi, inayosema hapana, mtazamaji naye ana akili zake, huchukua analotaka na lingine akaliacha mezani. Na kulikuwa na niliyoipenda kuliko zote, ya uwakilishi: nani anaonyeshwa, anaonyeshwaje, na nani kaamua aonyeshwe hivyo. Hiyo nilikuwa naihubiri mpaka kantini, wenzangu wakihama meza.

Nilikuwa na sababu. Mimi ni mtoto wa Tlawi, kwenye baridi na viazi na maharage, kwa wakulima wa Kiiraqw. Ukiteremka kutoka kwetu mpaka Hanang unawakuta wafugaji wa Kidatoga, na kila nilipowaona kwenye taarifa ya habari walikuwa wameshika mikuki, sura zimekunjwa. Sikuwahi kuwaona wakicheka. Lakini mama yangu ana rafiki huko Gehandu, mama wa Kidatoga aliyezoeana naye mnadani tangu mimi nikiwa mgongoni, mahindi yetu yakishuka kwao na samli yake ikipanda kwetu, na yule mama akianza kucheka hushika mbavu. Basi kazi ya kumalizia shahada yangu, filamu fupi pamoja na andiko juu ya watazamaji wake, nikaamua iwe juu yake. Nitarekebisha uwakilishi, niliandika kwenye pendekezo. Mhadhiri aliyenisimamia alipigia mstari neno "nitarekebisha", akaweka alama ya kuuliza pembeni. Nilidhani kalamu imemteleza.

Sharti la chuo lilikuwa moja, na halikuwa na mjadala. Kila anayeonekana kwenye filamu lazima aitazame ikiwa imekamilika, kisha aweke saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Bila fomu hizo filamu haipokelewi, na bila filamu hakuna shahada. Niliteremka Gehandu nikiwa na majuma matatu, simu nzuri, kompyuta, na kiburi cha kutosha kijiji kizima.

Asubuhi ya kwanza mwenyeji wangu, yule rafiki wa mama, alitoka kukamua akiwa amevaa sweta la kijani juu ya vazi lake la ngozi. Niliona limeniharibia picha. Nikamwomba alivue. Akanitazama, akautazama mlima uliokuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, akalivua. Alikamua akitetemeka. Mimi, niliyelelewa Tlawi, ambako sweta huvuliwa siku ya kuoga tu, niliandika kwenye daftari: picha safi sana.

Siku ya tatu alinisimulia habari ya ng'ombe. Aliposhuka kuolewa hapo, msichana asiyejua mtu, mama mkwe wake alimpa ng'ombe mbele ya watu ili akubali kuingia bomani. Ng'ombe yule alizaa, wazao wake nao wakazaa, ukame ukachukua wengi, na sasa alibaki mmoja tu wa uzao ule. Alisimulia vizuri mpaka nikasahau kumeza mate. Tatizo lilikuwa ng'ombe mwenyewe, aliyesimama nyuma yetu akitafuna. Alikuwa mzee, wa kijivu, pembe moja imevunjikia kwenye shina, mbavu zote ziko nje. Hakuwa amezaa kwa muda mrefu. Nilimtazama kupitia simu nikaona haiwezekani.

Kwenye boma la jirani kulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, manyoya yanang'aa, pembe zimesimama sawasawa. Nikamrekodi huyo kwa nusu saa. Kisha kwenye kompyuta nikachukua sauti ya mwenyeji wangu akisema, "Huyu ni wa uzao wa ng'ombe niliyepewa na mama mkwe wangu," nikaiweka juu ya picha ya yule mwekundu. Chuoni tunaita kuhariri, na mimi nilikuwa nasifiwa kwa kuhariri.

Jumapili mchana mwalimu mkuu wa shule ya msingi akatupa darasa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi na magunia, nikaelekeza projekta ya kuazima kwenye ukuta mweupe. Niliwaalika wanne walioonekana kwenye filamu. Walikuja akina mama wa mtaa mzima, mpaka waliobaki nje wakawa wanachungulia mlangoni. Sikujali. Niliona watazamaji wengi ndio utafiti mzuri. Nilichopaswa kukumbuka, maana hata kwetu Tlawi kinajulikana, ni kwamba akina mama wa Kidatoga wana baraza lao. Likikaa juu ya jambo, hata mwanaume mwenye ng'ombe wengi hujikuna kichwa. Mkubwa wa baraza lile, bibi mmoja mwembamba mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, alikuwa amekaa dawati la mbele. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniambia nianze.

Nilikaa kando na daftari langu nimelichorea safu mbili, athari na hisia. Muziki ukaanza, mlima ukatokea ukutani. Hakuna aliyeutazama. Mlima wanauona kila siku. Walianza kuchangamka mifugo ilipotokea, na hapo safu zangu zikakosa kazi, kwa sababu darasa zima lilianza kuwataja ng'ombe mmoja mmoja, huyu wa nani, huyu mama yake nani, huyu ndiye aliyekula shuka la fulani. Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Mama mmoja alimwona ndama wake kwenye kona ya picha akataka nirudishe nyuma, nikarudisha mara tatu. Nadharia ya sindano ilifia hapo hapo, na mimi nilikuwa nafurahi mno kuweza kuisikitikia.

Kisha ikaja sauti ya mwenyeji wangu, na ng'ombe mwekundu akajaza ukuta.

Kicheko kilikatika. Jirani, mama mwenye ng'ombe yule, alisimama. Hakufoka. Aliuliza kitu kwa Kidatoga, taratibu, na kila kichwa kikageukia kwa mwenyeji wangu, ambaye alikuwa ameinamisha uso. Bibi akanifanyia ishara nizime. Wakaanza kuzungumza, mmoja baada ya mwingine, bila kukatizana, na mimi nikiwa nimesimama na kompyuta mkononi sielewi neno. Hatimaye mwenyeji wangu alinitafsiria kwa Kiswahili. Jirani alikuwa ameuliza ni nani amempa mwenzake ng'ombe wake, na ni lini.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ng'ombe kwao hupewa mtu kwa maneno mbele ya watu, na waliosikia ndio mashahidi. Hakuna karatasi. Mimi nilikuwa nimekusanya darasa zima la mashahidi, nikawaketisha vizuri, nikawasikilizisha sauti ya mama mmoja ikidai ng'ombe wa mwenzake.

Nilipaswa kuomba radhi. Badala yake nikaleta ujuaji. Nikaeleza kwamba ile ni picha tu, kwamba mtazamaji wa mjini hawezi kumjua ng'ombe huyu na huyu, kwamba kinachotakiwa ni maana kwa ujumla. Mwenyeji wangu alitafsiri bila kunitazama. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Wewe unasema mtazamaji, mtazamaji. Sisi siyo watazamaji?"

 Miaka mitatu ya chuo, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Hukumu ilitolewa kabla jua halijapinda. Kwanza, twende sote sasa hivi bomani kwa jirani, nikaseme kwa mdomo wangu ng'ombe ni wa nani, mbele ya waliosikia uongo. Pili, filamu irekebishwe na ionyeshwe tena kwa watu wale wale. Tatu, sweta lirudi. Mama mmoja alisema asubuhi ile kulikuwa na baridi inayojulikana, na mtu yeyote akimwona mwenzao anatetemeka vile atadhani hana wa kumpa nguo. Mpaka hayo yatimie, hakuna dole gumba litakalogusa karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika sura nzima juu ya udhibiti wa maudhui, kanuni na leseni na watu wa ofisini wenye mihuri. Sikuandika hata mstari mmoja juu ya wadhibiti wenye bangili za shaba, na hawa walikuwa wakali kuliko wale.

Tukaandamana. Njiani mwenyeji wangu alitembea karibu nami kimya, nikafikiri amekasirika kwa aibu niliyomletea mbele ya jirani. Kumbe lilikuwa jingine.

"Wangu ulimwona," alisema. "Ukaona hafai."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nimepigiwa kelele na watu wengi maishani na sikuumia vile.

Bomani niliweka mkono mgongoni kwa ng'ombe mwekundu, nikasema kwa sauti kwamba huyu ni wa mama huyu, na kwamba mimi nilidanganya kwa picha. Mwenyeji wangu akatafsiri. Ng'ombe akanipiga mkia usoni. Kicheko kilichokatika darasani kikarudi chote, na jirani ndiye aliyecheka zaidi, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa mgando. Mimi na mwenyeji wangu tulikunywa wa kwanza.

Juma lililofuata nilifanya kazi nisiyowahi kuifanya chuoni, yaani niliuliza kabla ya kurekodi. Mwenyeji wangu alichagua saa, akachagua mahali pa kusimama, akavaa sweta lake la kijani. Alimsugua yule ng'ombe mzee wa kijivu kwa majani, akasimama naye, akamwekea mkono chini ya ile pembe iliyobaki. Nilitaka kusogea, akanikataza. Nilitaka kukata baada ya muda mfupi, akasema bado. Dakika mbili nzima ng'ombe anatafuna na mwenye ng'ombe amesimama. Nilirekodi nikihesabu alama zangu zinavyoondoka.

Jumapili ya pili darasa lilijaa kuliko ya kwanza. Ng'ombe wa kijivu alipotokea ukutani, nilijiandaa kwa minong'ono. Badala yake bibi wa bangili akaanza kuimba kwa sauti ndogo, na wengine wakaitikia. Walimwimbia ng'ombe yule kwa uzao wake, mama yake na bibi yake mpaka yule wa siku ya harusi, kama walivyonieleza baadaye. Mwenyeji wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, amemshika jirani mkono. Daftari lilikuwa mapajani mwangu na sikuandika kitu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui ningeiweka safu gani.

Wino ukapita. Madole gumba yakashuka kwenye karatasi moja baada ya jingine, la bibi likiwa la mwisho, ingawa yeye hakuonekana kwenye filamu hata mara moja. Aliongeza sharti, nami nikaliandika chini ya fomu kwa mkono wangu: kikitaka kukatwa kitu chochote, kirudi kwanza hapa.

Siku ya kutetea kazi yangu chuoni nilikaa mbele ya wahadhiri watatu. Walisifu sauti, wakasifu rangi. Wakafika kwenye zile dakika mbili. Mmoja wao alisema kwa upole tu kwamba hakuna kinachotokea pale, kwamba mtazamaji atachoka, na kwamba nikizikata nikaileta tena keshokutwa, ananiona kwenye daraja la kwanza. Mimi wa miezi mitatu nyuma ningekata pale pale mezani.

Nilimwambia sina ruhusa. Akauliza ruhusa ya nani. Nikatoa fomu, nikawasomea sharti la bibi, na kwa mara ya kwanza nikaeleza nadharia ya uwakilishi bila kuihubiri, kwa kusimulia tu nilivyomgawa ng'ombe wa watu. Walicheka sana. Msimamizi wangu, yule wa alama ya kuuliza, alicheka mpaka akavua miwani. Nilifaulu, daraja la pili, na sijalijutia mpaka leo.

Nilikwenda Gehandu kabla hata ya kwenda kwetu. Nilipanda bodaboda kuanzia Endasak, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimkuta mwenyeji wangu nje ya boma, mifugo inarudi, wingu zito limeshuka mlimani. Nikampa shikamoo, nikamwambia nimefaulu. Alifurahi, akaniulizia hali ya mama yangu, akauliza habari za viazi. Lakini niliona kuna swali lingine analizungushazungusha.

"Walimwona?" aliuliza.

"Walimwona, mama."

"Na pembe yake moja?"

"Na pembe yake moja. Walitaka wamtoe, nikakataa."

 Akamgeukia yule mzee wa kijivu, aliyekuwa wa mwisho kufika kama kawaida yake, akamwambia maneno kwa Kidatoga huku akimpigapiga shingoni. Nikamuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia mjini wamemwona," alisema. "Sasa aingie, mvua inakuja."